Kutoka Mito ya Mchanga Hata Kilindi cha Bahari

Nchi ya Kitui na Makueni iko mbali na bahari. Mtoto azaliwaye Mutomo au Ikutha hujifunza mapema kwamba maji hayangojwi juu ya ardhi, bali hutafutwa chini yake. Mito mingi ya huko, kama Tiva na Thua, hupitisha maji siku chache tu baada ya mvua kubwa. Kisha hubaki njia pana ya mchanga, na kina mama huchimba mashimo katika mchanga huo, wakateka maji kidogo kidogo mpaka chombo kijae. Punda hungoja kandoni, na jua huchoma. Katika nchi ya namna hii tone la maji ni mali, na mwenye kulimwaga ovyo huhesabiwa kuwa mjinga.

Hata hivyo, wana wa nchi hii ya kiangazi walivuka bahari. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili, vilivyoanza mwaka 1939 na kwisha mwaka 1945, Ukamba ulikuwa miongoni mwa nchi za Afrika Mashariki zilizotoa askari wengi kuliko nyingine. Walikwenda Somalia, Uhabeshi, Madagaska, Ceylon na Burma. Ili kufika ng'ambo iliwapasa kupanda meli zilizokwenda kwa misafara, manowari zikiwalinda pande zote, na adui akiwavizia chini ya maji. Wako waliofika na kurudi. Wako pia ambao njia yao ilikatika katikati ya bahari, mahali pasipo alama yoyote. Habari ya njia hiyo yafaa isimuliwe hatua kwa hatua, tangu vilima vya Kitui hata mahali penyewe.

NJIA YA KUSHUKIA PWANI

Msafiri atokaye mjini Kitui na kuelekea kusini huacha nyuma vilima vyenye hewa ya baridi na mashamba ya mahindi na mbaazi. Kadiri anavyoteremka, ndivyo joto linavyozidi na miti inavyopungua urefu. Mibuyu huanza kuonekana, imesimama peke yake kama wazee wa baraza, na majabali makubwa ya mawe hutokeza katikati ya vichaka. Hupita Mutomo, kisha Ikutha, mahali ambapo wamisionari wa Kilutheri kutoka Leipzig walijenga kituo chao katika miaka ya 1890. Zamani safari hii ilikuwa ya vumbi na ya siku nyingi. Siku hizi barabara ya lami huunganisha Kitui na Kibwezi, na mtu aweza kuimaliza asubuhi moja.

Mbele ya msafiri hutokea uwanda wa juu wa Yatta, ambao ni mto wa lava ulioganda zamani sana, nao unanyoka kwa urefu wa karibu kilometa 300. Chini yake hupita Mto Athi. Mto huu haukauki kama ile mingine, nao ndio mpaka kati ya Kitui na Makueni. Tena, ndio kiungo cha nchi hii na bahari, maana maji yake hukutana na ya Mto Tsavo, yakaitwa Galana, na huko chini yakaitwa Sabaki, hata yakamwagika katika Bahari ya Hindi kaskazini ya Malindi. Yamkini mchungaji anyweshaye ng'ombe wake katika Athi hafikiri kwamba maji yaliyompita mguuni yatafika pwani siku chache baadaye.

Ng'ambo ya mto ni Makueni. Hapo Kibwezi pana chemchemi na mashamba ya mkonge, na upande wa machweo huonekana milima ya Chyulu. Mvua inyeshayo juu ya Chyulu haifanyi mito. Huzama ndani ya mawe ya volkano, ikaenda chini kwa chini na kutokea mbali kama chemchemi. Maji ya chemchemi ya Mzima, yatokayo katika milima hiyo hiyo, hupelekwa kwa bomba hadi Mombasa. Hivyo wenyeji wa mji wa bahari hunywa mvua ya bara.

Kibwezi ndipo njia ya Kitui ikutanapo na reli. Reli hiyo ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, na stesheni zake za Ukamba zina majina yenye habari. Mtito Andei ni jina litokanalo na maneno ya Kikamba ya msitu wa tai wala-mizoga. Makindu ni mahali pa mikindu, na hapo pana hekalu la Masingasinga ambalo hadi leo humkaribisha msafiri yeyote kwa chakula bila malipo. Sultan Hamud ni jina la Sultani wa Unguja, Hamoud bin Mohammed. Tangu mwaka 2017 treni za reli mpya hupita huko pia, na husimama Emali, Kibwezi na Mtito Andei. Lakini wakati wa vita ilikuwa treni ya moshi, na askari wa bara waliotumwa ng'ambo kupitia Kilindini walipita kwa reli hiyo, wakaiona nchi ya Ukamba dirishani kwa mara ya mwisho kabla ya kuuona mnazi.

VIJANA WALITOKA WAPI

Katika miaka hiyo Makueni haikuwa wilaya. Ilikuwa sehemu ya Machakos, na eneo lake kubwa lilikuwa pori la mbung'o na vifaru, ambamo mtu hakuweza kufuga. Watu walisongamana katika vilima vya kaskazini, udongo ukachukuliwa na mvua, na ng'ombe wakazidi majani. Mwaka 1938 serikali iliamua kuwapunguza kwa nguvu na kuwauza kwa bei ndogo. Wakamba wa Machakos hawakukubali. Wakiongozwa na Muindi Mbingu, waume kwa wake na watoto walikwenda Nairobi kwa mamia na mamia, wakakaa huko wiki nyingi wakitaka kusikilizwa na Gavana. Muindi Mbingu alikamatwa na kupelekwa kifungoni Lamu, lakini amri ya kuuza ng'ombe kwa nguvu ililegezwa.

Mwaka uliofuata vita vikaanza, na serikali ile ile ikarudi katika vilima vile vile kutafuta askari. Jambo hili lastahili kufikiriwa. Wako waliojiandikisha kwa kupenda sifa ya uaskari, kwa maana jina la Mkamba lilikwisha kujulikana katika jeshi la King's African Rifles. Wengine walitaka mshahara wa kulipa kodi, wa kununua ng'ombe na wa kuoa. Wengine walisukumwa na njaa. Mshahara wa askari Mwafrika ulikuwa mdogo kuliko wa Mhindi, na mdogo zaidi kuliko wa Mzungu, ijapokuwa risasi haikuuliza mtu ni wa kabila gani. Kutoka Kenya peke yake walikwenda zaidi ya watu 90,000.

Wazee walikuwa na sababu ya kusitasita. Katika vita vya 1914 hata 1918 vijana wengi wa Ukamba walichukuliwa kuwa wapagazi, wakabeba mizigo ya jeshi katika pori la Tanganyika. Wengi walikufa kwa homa, kwa kuhara na kwa njaa, wala hakuna aliyeonyeshwa makaburi yao. Mama aliyempoteza ndugu yake katika vita vile hakuona furaha alipomwona mwanawe akipanda lori la askari katika vita hivi.

KILINDINI

Bandari ya Kilindini ina jina la haki, kwa kuwa kilindi ni mahali penye kina. Meli kubwa huingia kati ya kisiwa cha Mombasa na bara, zikatia nanga katika maji yaliyotulia. Mwezi wa Aprili 1942 ndege za Japani zilipiga Colombo na Trincomalee katika kisiwa cha Ceylon, ambacho leo huitwa Sri Lanka. Baada ya hapo manowari za Kiingereza za Bahari ya Hindi zilihamishiwa Kilindini. Mombasa ukawa mji wa mabaharia. Hata shule ya Allidina Visram ilichukuliwa, na ndani yake wataalamu wakakaa usiku na mchana wakisikiliza simu za upepo za Wajapani na kujaribu kuzifumbua.

Kwa askari wa bara, siku ya kufika Kilindini ilikuwa siku ya maajabu. Wahenga walisema kwamba maji usiyoyafika hujui wingi wake. Mtu aliyezoea kuchimba mchanga kutafuta debe moja la maji alisimama mbele ya maji yasiyo na ng'ambo, tena hayanyweki. Kisha aliongozwa kwa ngazi nyembamba mpaka ndani ya tumbo la meli, mahali pa joto na harufu ya mafuta, akaonyeshwa pa kulala. Alifundishwa kuvaa jaketi la kuelea. Alifundishwa pia kwamba usiku hapana kuwasha hata kiberiti, maana cheche ndogo huonekana mbali baharini.

Meli hazikuondoka moja moja. Zilikusanywa zikawa msafara, na manowari zikawekwa mbele na kandoni. Desturi ya msafara ni hii: meli zote huenda kwa mwendo wa ile iliyo nzito kuliko zote. Yenye mbio haina ruhusa ya kuikimbia yenye udhaifu. Pia hazinyooki moja kwa moja, bali hupinda kulia na kushoto kwa saa zilizopangwa, ili adui asiweze kupima shabaha.

MSAFARA WA FEBRUARI 1944

Mwanzoni mwa Februari 1944 msafara ulioandikwa KR 8 uliondoka Kilindini kwenda Colombo. Ulikuwa na meli tano za kuchukua askari: Khedive Ismail, City of Paris, Varsova, Ekma na Ellenga. Khedive Ismail ilikuwa meli ya tani zipatazo 7,000, iliyoundwa Scotland mwaka 1922 kwa ajili ya kampuni ya Chile, ikanunuliwa baadaye na kampuni ya Misri, na tangu mwaka 1940 ikatumikia vita. Manowari za kuulinda msafara zilikuwa Hawkins, ambayo ni ya zamani, na nyingine mbili zenye mbio, Petard na Paladin.

Ndani ya Khedive Ismail walikuwamo watu 1,511. Kati yao 996 walikuwa askari na maofisa wa Rejimenti ya 301 ya Mizinga ya Afrika Mashariki. Hawa walifundishwa kazi ya mizinga, kazi itakayo hesabu na macho makali, nao walikuwa wakienda kuongeza nguvu ya jeshi la Afrika Mashariki lililokuwa Ceylon likijiandaa kwa vita vya Burma. Rejimenti iliitwa ya Afrika Mashariki, wala si ya wilaya moja. Kwa hiyo habari yake haikuwa ya kijiji kimoja tu. Walikuwamo pia mabaharia wa Kiingereza, na wanawake 83, wengi wao wauguzi waliokuwa wakienda kuwatibu majeruhi.

Karibu wiki moja bahari ilikuwa shwari. Siku ya Jumamosi, tarehe 12 Februari, msafara ulikuwa umefika karibu na visiwa vya Maldivi, katika mlango wa bahari unaoitwa wa Digrii Moja na Nusu, kwa kuwa uko karibu sana na mstari wa ikweta. Mstari huo huo hupita Nanyuki, kaskazini ya Ukamba. Baada ya chakula cha mchana wengine walikuwa sitahani wakipunga upepo, wengine wakisikiliza muziki, na askari wengi walikuwa chini katika vyumba vyao.

Yapata saa nane u nusu, manowari ya chini ya maji ya Japani, I-27, iliyoongozwa na Toshiaki Fukumura, ilirusha topido. Mbili zikaipiga Khedive Ismail. Meli ikalala ubavu, ikapasuka, ikazama katika muda usiofika dakika mbili. Dakika mbili ni muda wa mtu kufunga viatu vyake. Waliokuwa sitahani waliweza kuruka. Waliokuwa chini walikuta ngazi zimegeuka kuwa kuta, na maji yakiingia kwa kishindo. Hapakuwa na nafasi ya kushusha mashua kwa taratibu wala ya kuitana majina.

Waliookoka ni wanaume 208 na wanawake sita. Waliokufa ni watu 1,297, na wanawake 77 ni miongoni mwao. Ni misiba michache tu ya meli za upande wa Uingereza na rafiki zake katika vita vile iliyoua watu wengi zaidi katika meli moja.

SHERIA NGUMU YA BAHARI

Lililofuata ndilo gumu kuliko yote. Meli nne zilizobaki hazikusimama. Zilitawanyika na kukaza mwendo, kwa kuwa meli isimamayo kuokoa watu hugeuka kuwa shabaha ya pili. Paladin ilishusha mashua kuwaokota waliokuwa wakielea juu ya mbao na maboya. Lakini manowari ya adui ilikuwa ingali chini yao, imejificha palepale penye watu, ikitumaini kwamba hakuna atakayethubutu kuipiga hapo.

Nahodha wa Petard alikuwa na jambo la kuamua, na hakuwa na saa ya kulifikiri. Akiiacha I-27, yaweza kuzifuata zile meli nne na kuua maelfu wengine. Akiipiga, atatupa mapipa ya baruti yapasukayo chini ya maji, na mshindo wake huvunja kifua cha mtu aogeleaye. Akaamua kupiga. Mapipa yakatupwa wakati watu wangali majini, wakipunga mikono kwa meli waliyoidhani imekuja kuwaokoa.

Hatimaye I-27 ililazimika kupanda juu. Paladin ikaiendea ili kuigonga, ikaumia ubavuni kwa chuma cha adui. Petard ikapiga mizinga kwa muda mrefu, kisha ikarusha topido moja baada ya nyingine, mpaka moja ikaipasua I-27. Katika mabaharia wake aliokolewa mmoja tu. Paladin, nayo imejeruhiwa, ilivutwa hadi Addu, kusini mwa Maldivi.

Je, nahodha alifanya haki? Watu wamebishana juu ya jambo hili tangu siku ile. Mwenye ndugu katika zile meli nne atasema aliokoa wengi. Mwenye ndugu katika maji atanyamaza, na kunyamaza kwake ni jibu pia. Lililo hakika ni kwamba sheria ya msafara ina nyuso mbili. Kabla ya pigo humlinda mnyonge kwa kumngojea. Baada ya pigo huwaacha walioanguka, ili waliobaki wafike.

BAHARI YA BARAFU

Sheria hii haikuwa ya Bahari ya Hindi peke yake. Kaskazini ya dunia, tangu Agosti 1941 hata Mei 1945, misafara 78 ilikwenda Urusi ikipita juu ya Norway, kuelekea bandari za Murmansk na Archangel. Meli za biashara zipatazo 1,400 zilipeleka vifaru vya vita, ndege, malori, mafuta, chakula na viatu kwa Warusi waliokuwa wakipigana na Wajerumani. Wachukuzi wa mizigo hiyo walikuwa mabaharia wa biashara, watu wa kazi kama wapagazi wa zamani, wala si askari wa kupigana.

Msomaji wa Kitui hana budi kujitahidi kuiwazia bahari hiyo. Baridi yake ni kali hata mawimbi yarukayo juu ya meli huganda kabla ya kushuka. Barafu hujikusanya juu ya kamba, mizinga na sitaha, ikawa nzito mpaka meli iko hatarini kupinduka, na mabaharia hutoka kwa shoka na nyundo kuipasua mchana na usiku. Wakati wa kipupwe jua halichomozi kwa majuma mengi. Wakati wa kiangazi halichwi, na adui huona saa zote. Mtu aangukaye majini huko hana saa za kungoja. Dakika chache zatosha.

Mwezi wa Julai 1942 msafara ulioitwa PQ 17 uliamriwa kutoka London utawanyike, kwa kuwa ilidhaniwa manowari kubwa za Kijerumani zinakuja. Walinzi wakaondoka, kila meli ikashika njia yake peke yake, na ndege na nyambizi za Kijerumani zikaziwinda moja moja. Meli za biashara zaidi ya 20 zilipotea. Katika misafara yote ya njia hiyo zilizama meli za biashara 85 na manowari 16 za Kiingereza.

Hivyo joto la ikweta na barafu ya kaskazini vilifundisha somo moja. Aliyezama karibu na Maldivi katika maji ya vuguvugu, na aliyezama karibu na Norway katika maji ya barafu, wote wawili hawana kaburi la kuwekewa jiwe. Tofauti ni kwamba habari za yule wa kaskazini zimeandikwa katika vitabu vingi na kuonyeshwa katika sinema, na habari za yule wa Afrika Mashariki hazijulikani hata nyumbani kwake.

WALIORUDI NA NCHI WALIYOIKUTA

Askari wengine wa Afrika Mashariki walifika Ceylon salama, na katikati ya mwaka 1944 wakaingia Burma. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki iliwafuatia Wajapani katika bonde la Kabaw wakati wa masika, katika matope na malaria, ikauteka mji wa Kalewa mwanzoni mwa Desemba 1944. Mto Chindwin ukatandikwa daraja refu la chuma, jeshi likavuka.

Vita vilipokwisha, walirudi kwa njia ile ile ya Kilindini na treni. Walikuwa wamejua kusoma ramani, kuendesha lori, kutengeneza redio. Walikuwa wameona Wazungu wakiogopa, na Wahindi wakidai nchi yao. Lakini walipofika nyumbani walikuta kodi ile ile na udongo ule ule uliochoka, huku maofisa wao wa Kizungu wakigawiwa mashamba makubwa katika nchi za juu. Uchungu huo ulikuwa mmoja wa mizizi ya siasa zilizoleta uhuru wa Kenya mwaka 1963.

Huko Makueni, kati ya mwaka 1944 na 1946, mwindaji wa serikali, John Hunter, aliua vifaru karibu elfu moja ili pori lifunguliwe watu wapate kukaa. Vichaka vilikatwa kumwondoa mbung'o, na watu kutoka vilima vilivyosongamana wakahamia humo. Kisha ikaja kazi ya kuchimba matuta ya kuzuia udongo. Ilipokuwa ya amri watu waliichukia. Walipoichukua wenyewe kwa desturi yao ya mwethya, ilisonga mbele. Katika mwethya watu hukusanyika, wengi wao kina mama, wakalima shamba la mmoja leo na la mwingine kesho, na aliye dhaifu haachwi nyuma. Kwa njia hiyo hiyo yamejengwa mabwawa ya mchanga katika mito ya Kitui na Makueni: ukuta hujengwa kukata njia ya mto, mchanga ukajaa nyuma yake, na maji yakahifadhika ndani ya mchanga hadi kiangazi.

Kwa kweli mwethya na msafara wa meli hufanana katika uso ule wa kwanza, wa kwenda kwa mwendo wa mnyonge. Ule uso wa pili, wa kuwaacha walioanguka, ni wa vita na bahari. Nchi kavu haina sababu ya kuufuata.

MAJINA UKUTANI

Mjini Nairobi, kando ya barabara ya Ngong, yako makaburi ya askari wa Vita Vikuu vya Pili, yamepangwa kwa safu na kutunzwa vizuri. Ndani yake imesimama Kumbukumbu ya Afrika Mashariki, ambayo juu yake yameandikwa majina ya waliokufa bila kaburi kujulikana. Wamo humo watu wa mizinga waliozama na Khedive Ismail. Mtu aweza kusimama mbele ya ukuta, akasoma jina moja moja, Mwafrika na Mzungu.

Jambo hili si dogo. Wapagazi wa vita vya kwanza hawakupewa heshima hiyo. Mwezi wa Aprili 2021 halmashauri inayotunza makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa taarifa ikikiri kwamba Waafrika wengi mno wa vita vile, kwa makumi na makumi ya maelfu, hawakuandikwa kwa majina popote, au hawakukumbukwa kwa usawa na Wazungu. Kwa hiyo mzee wa Kitui ambaye baba yake alichukuliwa kuwa mpagazi mwaka 1917 yaweza kuwa hana ukuta wa kwenda kuutazama. Mwenye ndugu aliyezama mwaka 1944 anao.

Lakini jina ukutani halisemi lenyewe. Lataka mtu wa kulitamka. Wengi waliopokea barua za serikali katika miaka ile walisomewa na karani au na mwalimu, kwa kuwa hawakujua kusoma. Waliambiwa kwamba mtoto wao amekufa vitani, wala hawakuambiwa mahali, maana habari za meli zilifichwa ili adui asizipate. Baadhi ya kina mama walikufa wakidhani mwana wao amelala katika udongo wa nchi fulani ya mbali. Hawakujua kwamba amelala chini ya maji, yeye aliyekulia mahali ambapo maji yalikuwa haba.

Siku hizi kutafuta si kazi ngumu kama zamani. Orodha ya halmashauri ya makaburi hutafutwa kwa intaneti kwa jina la askari, na huonyesha kikosi chake, tarehe ya kufa na mahali alipokumbukwa. Panapoonekana Rejimenti ya 301 ya Mizinga na tarehe 12 Februari 1944, hapo mwenye kutafuta amekwisha jua habari yote. Mwalimu wa shule ya Mutomo au Wote aweza kuwachukua wanafunzi wake katika safari hiyo bila kutoka darasani: mto wa mchanga, Athi, Kibwezi, Kilindini, kisha mlango ule wa bahari karibu na ikweta. Na mwenye nafasi ya kwenda Nairobi kwa shughuli zake afike barabara ya Ngong, asome majina machache kwa sauti. Meli zile nne hazikuweza kusimama. Sisi tuliobaki nchi kavu twaweza.